Ndege Iliyorudi

"Mara hii sirudi tena, Idalia."

Telmo alisema hivyo begi likiwa begani, upepo wa Januari ukimvuruga nywele. Walikuwa wamesimama kwenye maegesho ya magari nje ya uwanja wa ndege wa Horta, kisiwani Faial, palepale walipozoea kuagana kila mwisho wa mwezi. Ndani hawakuwahi kuingia pamoja. Idalia alikuwa hajauvuka mlango wa uwanja ule tangu kaka yake, Duarte, auvuke na tarumbeta yake kwapani asirudi.

"Hurudi wapi?" Idalia aliuliza, akijaribu kucheka. "Ng'ombe wa Flores wamekuroga?"

"Sirudi huku. Wala sitanii."

Idalia akaacha kucheka.

Telmo alikuwa daktari wa mifugo, kijana mrefu mwenye sauti ya upole na mikono mipana iliyozoea kuvuta ndama matumboni mwa mama zao. Lakini mikono hiyohiyo ikimshika Idalia mashavu, ilimshika kama mtu ashikavyo yai. Kwa miaka miwili alikuwa akifanya kazi kisiwani Flores, kule magharibi kabisa ambako bahari inakaribia kuwa ya Wamarekani, na kila mwezi alipanda ndege kuja Faial kumwona mchumba wake. Meli ya abiria ilikwenda Flores wakati wa kiangazi tu. Kiangazi cha kwanza Idalia aliahidi kwenda nayo. Mama yake akaugua. Kiangazi cha pili akaahidi tena. Mama akaugua tena.

"Wamenipa kazi ya kudumu," Telmo aliendelea. "Nimepata na nyumba kijijini Fajãzinha, chini ya maporomoko ya maji. Jiko kubwa. Kuna chumba kimoja kina mwanga mzuri, nimekitazama nikasema, hapa Idalia atatandaza matanga yake, atashona mpaka achoke."

Idalia alikuwa fundi wa matanga. Mashua za wageni matajiri zilizovuka Atlantiki zilifika Horta na matanga yamechanika vipande vipande, yeye akayashona upya yakarudi kuikabili dhoruba. Wavuka bahari walimjua kwa jina. Hakuna hata mmoja aliyejua kwamba fundi wao hawezi kusikia ndege ikipaa bila kuziba masikio.

"Unajua nyumbani kulivyo," alisema. "Mama..."

"Mama yako simwogopi. Ananichukia, ana haki yake, nimekubali. Ninachoogopa ni wewe unavyomvaa mama yako kama koti. Kila nikikuita, unajifunika naye."

Maneno yale yalimchoma kwa sababu yalikuwa kweli, na mtu akichomwa na kweli hutafuta jiwe la kurusha. Idalia akaliokota kubwa kuliko yote.

"Kwako rahisi kusema! Kiti kile kilikuwa chako, Telmo. Duarte alikalia kiti chako!"

Neno hilo mama yake alilisema jikoni, alilisema kanisani, alilisema mbele ya majirani. Idalia hakuwahi kulisema. Kila mtu kijijini alijua habari yenyewe. Bendi ya kijiji ilikuwa imealikwa kupiga muziki kwenye sikukuu ya kisiwa cha jirani. Telmo, aliyepiga klarineti, alikuwa asafiri Ijumaa, na Duarte Jumamosi. Lakini Ijumaa hiyo ndipo Idalia alipoikubali posa ya Telmo, naye Telmo akamwomba Duarte wabadilishane ili apate jioni moja zaidi na mchumba wake. Duarte akacheka, akamwita bwege wa mapenzi, akakubali. Ndege ya Ijumaa ilikuta wingu zito limeukalia uwanja. Rubani akashuka chini zaidi, akitafuta ardhi kwa macho, na ardhi ikamtangulia kwa umbo la mlima. Hakupona mtu.

Telmo alihamishia begi bega jingine. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa imeshuka mno.

"Ndiyo. Kilikuwa changu. Nilikiacha kwa sababu nilitaka kukaa na wewe. Kila asubuhi nikijinyoa najiambia hivyo. Nilidhani duniani kuna mtu mmoja tu asiyehitaji kunikumbusha."

"Telmo, sikukusudia..."

"Unadhani mimi siogopi? Nikipanda ile ndege nashindwa hata kumeza mate. Napanda kwa sababu wewe uko ng'ambo. Na mimi nataka, walau siku moja, niwe ng'ambo ya mtu."

Alimbusu kwenye paji la uso, busu refu lenye baridi ya upepo, kisha akageuka akaingia ndani. Idalia alibaki kwenye gari lake. Injini ziliponguruma, mikono ikainuka yenyewe kwenda masikioni. Akairudisha kwenye usukani kwa nguvu. Kwa mara ya kwanza katika miaka miwili, aliitazama ndege ikikimbia, ikiinua pua, ikiondoka ardhini na mtu wake, ikawa nukta juu ya bahari. Alilia. Lakini macho hakuyafumba.

*

Jikoni, mama yake alikuwa akimenya viazi vikuu. Soseji zilikuwa zimeshaanza kutoa mafuta kwenye kikaango, na harufu yake ilijaza nyumba. Bi Zulmira alikuwa mama wa miaka sitini na kidogo, mwenye nguo nyeusi tangu msiba na ulimi mkali tangu kuzaliwa.

"Ameondoka?" aliuliza bila kugeuka.

"Ameondoka."

"Mungu amfikishe," alisema, kwa namna ya mtu asemaye ukweli asioupenda. "Kaa ule. Umekonda kama sindano yako."

Idalia hakukaa. "Mama, Alhamisi nakwenda Flores."

"Meli gani ya Alhamisi?"

"Nakwenda kwa ndege."

Kisu kikasimama. Bi Zulmira akakiweka mezani taratibu, akajifuta mikono kwenye aproni, kidole kimoja baada ya kingine, kama anayejiandaa kwa mapigano.

"Labda nife kwanza."

"Hufi, mama. Utaugua kidogo, kama ulivyougua viangazi vyote viwili, halafu utapona."

"Hee! Idalia! Mimi ndiye unayeniambia hivyo?"

"Nakuambia wewe kwa sababu nakupenda. Na kwa sababu nimechoka."

"Umechoka! Huyo kijana amekulisha nini huko kwenye maegesho? Mwanaume aliyemtanguliza mwanangu kifoni, sasa anamwita na wa pili! Nimezaa wawili, Idalia. Wawili tu. Mmoja anga limemla."

"Na wa pili woga unamla, mama. Kidogo kidogo, kila siku. Na wewe ndiye unayeupikia woga huo."

Mafuta yaliruka kikaangoni, hakuna aliyeyajali.

"Telmo hakumuua Duarte," Idalia alisema, sasa kwa sauti ya chini. "Na mimi leo nimemwambia maneno ambayo hata wewe ungeona haya kuyasema mbele yake. Ulishawahi kuyasema mbele yake, mama? Hujawahi. Unamsema akiwa hayupo. Mimi nimemtupia usoni."

Bi Zulmira akavuta kiti akakaa kwa uzito. "Unakumbuka redio?" aliuliza. "Siku ile. Walisema ndege imechelewa. Mimi nikasema, basi nitapasha chakula baadaye. Nikakifunika." Alitazama sufuria kama vile ni ileile. "Nikiona mtu anapanda pale, mimi najua kitu kimoja: wanaoingia kwenye wingu hawarudi. Wengine wanasema wanarudi. Mimi wangu hakurudi."

Idalia alimkumbatia kwa nyuma, akaweka kidevu juu ya kichwa chake chenye mvi. Hakumwambia kwamba yeye pia anaamini hivyohivyo. Alimwambia tu, "Alhamisi, mama."

"Mimi sitakupeleka."

"Nitajipeleka."

*

Jumatatu alikwenda uwanjani si kwa safari, bali kuuvuka mlango tu. Mlango ulifunguka wenyewe, akageuka, akarudi garini akiwa ameloa jasho katikati ya baridi. Akakaa, akajitukana, akashuka tena. Safari hii aliingia mpaka kwenye mkahawa, akaagiza kahawa, akainywa yote ikiwa moto mpaka ikamuunguza ulimi. Akanunua tiketi. Msichana wa kaunta alimuuliza kama anataka kiti cha dirishani.

"Nataka chochote ambacho sitaona nje."

"Basi ubavuni mwa njia," msichana akasema kwa huruma. Katika visiwa vile hakuna asiyejua maana ya maneno kama hayo.

Idalia hakumwambia Telmo. Aliogopa akimwambia, atamwonea huruma amkataze, naye atafurahi kukatazwa.

Alhamisi ilipofika, mama yake hakutoka chumbani. Idalia aligonga, akasema, "Nakwenda, mama." Akaweka mkono kwenye ubao wa mlango kwa kitambo, kisha akaenda.

Ndege ilikuwa ya mapangaboi mawili, ndogo kuliko alivyoikumbuka. Ngazi zake zilikuwa chache, lakini kila moja ilimdai uamuzi mpya. Alipofika juu mhudumu alimtabasamia, na Idalia akashindwa kulirudisha tabasamu kwa sababu meno yalikuwa yakigongana.

Jirani yake wa kiti alikuwa mwanamke mnene wa Flores, aliyepakata keki kubwa iliyofungwa kwa kitambaa cha meza.

"Mara ya kwanza?" mama yule aliuliza.

"Ya kwanza tangu... Ndiyo. Kama ya kwanza."

"Mimi Odilia. Nina wajukuu Horta na mume Flores, kwa hiyo naishi humu ndani." Alipigapiga mkono wa kiti kama mtu apigapigaye shingo ya punda wake. "Ukitaka kunishika mkono, shika. Ila keki usiiguse."

Idalia alimshika. Injini zikapiga kelele, ndege ikakimbia, na ule wakati alioukimbia miaka miwili ukamfikia: magurudumu yakaachana na ardhi. Alifumba macho, akasema jina la Duarte. Halafu akasema jina la Telmo. Halafu akakuta bado yu hai, na Bi Odilia analalamika kwamba anamvunja vidole.

Kwa muda mambo yalikuwa shwari. Aliletewa maji akayanywa. Alithubutu kutupa jicho dirishani mara moja, akaona jua limelala juu ya mawingu meupe, akafikiri: Duarte aliona hili. Kabla ya yote, aliona hili. Wazo hilo halikumuumiza kama alivyotarajia.

Ndipo ndege ikaanza kushuka. Jua likazimika, dirisha likawa kijivu, na ndege nzima ikaanza kurukaruka kama kigari kwenye barabara ya mawe. Mtoto akalia viti vya nyuma. Idalia alisikia magurudumu yakitolewa. Wakashuka ndani ya lile wingu, wakashuka, wakashuka, na dirishani hapakuwa na kitu. Alijua kuna mlima mahali fulani. Mwili wake wote ulijua.

*Sasa*, alijiambia. *Ndivyo ilivyokuwa.*

Ghafla injini zikanguruma kwa nguvu zote. Pua ikainuka, mgongo wake ukabanwa kitini, ndege ikapanda kama iliyoumwa na nyuki. Watu wakapiga ishara ya msalaba. Walipotokeza tena juani, sauti ya mwanamke ikasikika kwenye vipaza sauti, tulivu kama ya mwalimu wa chekechea:

"Mabibi na mabwana, ni rubani wenu. Hatukuuona uwanja, kwa hiyo hatukutua. Tutazunguka kidogo, tujaribu mara nyingine. Wingu likikataa, tutarudi Horta. Mafuta tunayo ya kutosha kwenda, kuzunguka na kurudi. Samahani kwa usumbufu."

"Loo!" Bi Odilia akafoka. "Keki yangu ya ubatizo hiyo! Ubatizo kesho!"

Lakini Idalia alikuwa amefumbua macho wazi. *Hatukuuona uwanja, kwa hiyo hatukutua.* Maneno mepesi kama maji. Aliyarudia midomoni bila sauti. Miaka miwili alikuwa akiamini kwamba wingu ndilo lililomuua kaka yake. Kumbe wingu ni wingu tu. Lilikuwepo siku ile, lipo leo. Tofauti ni kwamba leo kuna mtu aliyelitazama akasema basi.

Walijaribu mara ya pili. Kijivu kilekile, mrukoruko uleule, na injini zikanguruma tena kuwapandisha. Safari hii Idalia hakuufikiria mlima. Alikuwa akisema moyoni, *panda, rubani, panda, turudishe*, na ndege ilipogeuza pua kuelekea mashariki, watu walipoguna kwa hasira, yeye alikuwa akilia kimyakimya kwa kitu kilichokaribia furaha.

*

Rubani alikuwa amesimama chini ya ngazi, mwanamke mfupi mwenye miwani na nywele za mvi zilizofungwa nyuma, akipokea lawama za abiria mmoja mmoja. Idalia alipofika alisimama mbele yake.

"Na wewe una ubatizo?" rubani aliuliza kwa uchovu.

"Hapana. Nina mchumba. Na nilikuwa na kaka." Alimtajia ndege ya siku ile.

Uso wa rubani ukabadilika. Aliivua miwani. "Nilimfahamu rubani wao. Alikuwa mtu mzuri, na siku ile alitaka sana kuwafikisha watu kwenye sikukuu yao." Alimshika Idalia mkono. "Tangu siku ile, kwetu hakuna anayelaumiwa kwa kurudi. Wakinitukana, nawaacha watukane. Na mimi nina watu wanaonisubiri nyumbani."

"Asante kwa kutokutua," Idalia alisema.

"Hilo sijawahi kuambiwa," rubani akajibu, akacheka, na macho yake yalikuwa na maji.

Alipotokea ndani ya jengo, simu ilianza kulia. Telmo. Idalia akaipokea akiwa bado anatembea.

"Idalia, samahani kwa Jumapili," Telmo alianza haraka, kama aliyeyakariri. "Nimekaa nikawaza. Nilikuwa mkali. Leo ndege haikutua hapa, nilikuwa malishoni nikaisikia juu ya mawingu, mara mbili, nikafikiri, kumbe hiki ndicho ninachomwomba Idalia apande..."

"Nilikuwa ndani."

"Ndani ya nini?"

"Ya ndege, Telmo. Hiyo uliyoisikia. Nilikuwa ndani."

Idalia alisikia pumzi, pumzi ya mwanaume anayejizuia.

"Mungu wangu," Telmo alinong'ona. "Usipande tena. Nimekuelewa, imetosha. Kesho nakuja mimi."

"Thubutu! Kaa hapohapo! Miaka miwili umekuja wewe. Kesho ni zamu yangu, na keshokutwa wingu likikataa, na mtondo pia. Lile neno nililokuambia siwezi kuliomba radhi kwenye simu. Nataka nikuombe radhi nikiwa nakutazama."

"Idalia..."

"Kaa hapohapo, nimesema!"

Akakata. Na alipoinua macho, alimwona mama yake.

Bi Zulmira alikuwa amesimama katikati ya ukumbi ambao hakuwahi kuukanyaga, aproni bado kiunoni, viatu vya nyumbani miguuni. Nje, jirani yao alikuwa ameacha gari dogo la kubebea maziwa mlangoni kabisa, injini ikiwa bado inawaka.

"Redio imesema haikutua," mama alisema. "Imesema imeshindwa kutua. Halafu wakapiga muziki. Muziki, Idalia!"

Idalia alimkimbilia. Mama akamkamata mikono, mabega, uso, akamgeuza kama anayekagua kitambaa sokoni.

"Uliingia kwenye wingu?"

"Niliingia, mama. Mara mbili."

"Na mmerudi."

"Tumerudi. Hawakuona uwanja, wakarudi."

"Wanarudi," Bi Zulmira alisema, si kwa Idalia, wala si kwa mtu yeyote. "Kumbe wanarudi." Halafu kilio alichokibana miaka miwili kikamtoka palepale ukumbini, kikubwa, kisicho na haya, na Idalia akamshikilia asianguke.

Alipotulia, alijifuta pua kwa aproni, akaiangalia kaunta kwa jicho kali. "Kesho kuna nyingine?"

"Asubuhi."

"Basi nenda kwenye foleni, unashangaa nini? Yule mwanamke mwenye keki atakupita."

*

Ijumaa ilipambazuka safi kama sahani iliyooshwa. Idalia alichukua kiti cha dirishani. Aliogopa wakati wa kuruka, akaogopa ndege ilipoinama juu ya bahari, akaogopa mpaka magurudumu yalipogusa ardhi, na mara zote hizo hakuacha kutazama nje. Flores ilikuwa kijani kibichi, maporomoko yake yakining'inia kwenye majabali kama nyuzi nyeupe.

Telmo alikuwa nje ya mlango wa wasafiri, na buti za mpira zenye tope, amevaa fulana kinyume, macho mekundu ya mtu ambaye hakulala.

Idalia aliweka begi chini. Alimtazama machoni kama alivyoahidi.

"Lilikuwa neno baya," alisema, "na si kweli. Nisamehe. Duarte alikichukua kile kiti mwenyewe, akicheka. Nilikuwepo. Nilipaswa kukukumbusha hilo, si lile lingine."

Telmo alimkumbatia akamwinua mpaka miguu yake ikaachana na ardhi.

"Nimechelewa siku moja," Idalia alisema shingoni mwake.

"Miaka miwili," Telmo akasema, akicheka na kulia.

"Basi niweke chini unionyeshe hiyo nyumba. Na mama amesema umpigie simu leo. Wewe mwenyewe."

Telmo alimweka chini, akapauka kidogo. "Bi Zulmira? Amesema hivyo? Anataka nini?"

"Sijui. Hilo nalo ni wingu, utaliingia kama mimi nilivyoliingia langu," Idalia akasema, akamkabidhi begi.